Thunderbird au Outlook? Jibu kwa msomaji wa Jambiani mwenye barua za kazi na za nyumbani kwenye laptopu moja

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi niko Jambiani, nashughulikia bukingi na mahesabu madogo madogo katika nyumba ya wageni. Nina barua pepe mbili: ya kazini, inayobeba jina la biashara yetu, na Gmail yangu mwenyewe ninayoitumia kwa masomo ya masafa na mambo ya familia. Zamani nilitumia ile programu ya barua iliyokuja na Windows 10. Ikabadilika yenyewe ikawa Outlook mpya, na sasa naona matangazo katikati ya barua. Mkuu wangu anasema tununue Outlook ya kulipia. Mtoto wa kaka yangu anasema niweke programu nyengine ya barua, Thunderbird, ni ya bure. Laptopu ni yangu mwenyewe na ni ya zamani kidogo, intaneti natumia bando la simu, na umeme huku kwetu unakatika. Barua za miaka mitano za wageni zimo humo. Nichague ipi, na je, hazitapotea?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe: weka Thunderbird. Kwa hali uliyonieleza, ndiyo inayokufaa, na pesa ambayo mkuu wako amekusudia kuinunulia Outlook naiona ina kazi bora zaidi, nayo ni diski ya nje ya kuwekea nakala. Lakini usiweke leo. Kwanza tujue hizo barua za miaka mitano ziko wapi hasa, kwa sababu hapo ndipo patakapojulikana kama kuhama ni shughuli ya saa moja au ya wiki nzima.

Watu wengi wanaoniletea kompyuta wanaamini barua zao zimo ndani ya programu, na programu ikibadilika wanaona zimekwenda nayo. Mara nyingi sivyo. Programu ya barua inafika kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokuhifadhieni barua, kwa mojawapo ya njia mbili. Njia ya zamani, POP3, ni kama kwenda na ufunguo kwenye sanduku lako la posta Shangani, ukazichukua barua zote ukarudi nazo nyumbani: sanduku limebaki tupu, na nyumba ikiungua barua zimeungua. Njia ya pili, IMAP, inaziacha barua kwenye seva na kukuletea nakala tu. Ukisoma kwenye laptopu, simu nayo inajua umesoma. Ukiibiwa laptopu, barua zipo.

Basi fanya jaribio hili kabla ya kugusa chochote. Fungua brauza, ingia kwenye barua ya kazini kupitia tovuti ya kampuni inayokuhifadhieni barua zenu. Kama hujui anuani yake, muulize aliyekutengenezeeni tovuti ya biashara. Ukishaingia, teremka mpaka chini kabisa kwenye orodha. Ukizikuta barua za mwaka wa kwanza wa kazi yako, na ukafungua folda ya zilizotumwa ukazikuta nazo, basi ulikuwa unatumia IMAP na hakuna kitakachopotea. Programu yoyote utakayoweka itaziteremsha yenyewe. Ukikuta za wiki chache tu, au folda ya zilizotumwa iko tupu, basi ulikuwa kwenye POP na nakala pekee imo kwenye hiyo laptopu. Hapo simama. Usiondoe akaunti, usifute programu, na asitokee kijana wa kukuwekea Windows mpya "ili iwe nyepesi". Ipeleke kwa fundi unayemwamini, mwambie kazi ya kwanza ni kutoa barua, mengine baadaye. Kwa upande wa Gmail yako sina wasiwasi mkubwa, ila nayo itazame vile vile.

Sasa nikueleze kilichotokea kwa programu yako, maana umesema ilibadilika yenyewe na ni kweli hukukosea kitu. Microsoft waliacha kuihudumia programu ile tarehe 31 Disemba 2024, na mahala pake wakaweka Outlook mpya. Jina ni la zamani lakini chombo ni chengine kabisa. Si ile Outlook inayouzwa pamoja na Word na Excel, ambayo siku hizi wenyewe wanaiita Outlook ya kawaida ili watu wasichanganye, na watu wanachanganya vivyo hivyo. Hii mpya unapoitumia bure inakuletea matangazo kwenye orodha ya barua, mengine yamevaa sura ya barua hasa.

Matangazo ni kero tu. Linalonifanya nikushauri uondoke ni jengine. Ukiiunganisha Outlook mpya na akaunti isiyo ya Microsoft, kama Gmail yako au ile ya kazini, inakuomba ruhusa ya kuisawazisha akaunti hiyo na seva za Microsoft. Maana yake ni kwamba barua zako zinawekwa nakala kwao, na kwa akaunti za IMAP za kawaida kama hiyo ya kazini hata nenosiri linapelekwa huko ili seva zao ziweze kuingia kwa niaba yako. Hawakulificha, limeandikwa kwenye kidirisha kile ambacho sote tunabofya "endelea" ili kazi isonge. Lakini fikiria kilichomo kwenye barua za nyumba ya wageni: picha za pasipoti, tarehe za kuingia na kutoka, namba za ndege, wakati mwengine hata picha ya kadi ya benki ambayo mgeni kaituma bila kuombwa. Mgeni alikutumieni nyinyi. Hakuna aliyemuuliza kama zipite pahala pengine. Kwa hiyo ukishahamia Thunderbird na kuridhika kuwa kila kitu kipo, ondoa akaunti zote mbili kwenye Outlook mpya, kisha badilisha nenosiri la barua ya kazini.

Outlook ya kulipia, ile ya kawaida, siisemi vibaya. Ni programu nzito yenye uwezo mkubwa, na Microsoft wameahidi kuihudumia angalau mpaka 2029. Ingekuwa biashara yenu iko kwenye Microsoft 365, huduma yao ya kulipia ya kazi za ofisi, mna kalenda moja ya vyumba ambayo mapokezi, jikoni na dereva wote wanaiangalia, mnaalikana vikao na kupeana ruhusa za kujibu barua kwa niaba ya mwenzenu, ningekwambia inunue na usitazame nyuma. Thunderbird imeanza kuzungumza na seva za Exchange, yaani seva za barua za kiofisi za Microsoft, moja kwa moja kuanzia toleo la 145 la Novemba 2025, lakini hilo ni kwa upande wa barua. Kwa kalenda na orodha ya watu, Outlook bado iko mbele. Nyinyi hamna hayo. Mna barua za kawaida kwenye kampuni ya kawaida ya kuhifadhi tovuti. Kulipa kila mwaka kwa ajili ya milango ambayo hamtaifungua ni hasara.

Kuna sababu nyengine inayonifanya nipendelee Thunderbird, na kwangu hii ndiyo kubwa kuliko zote: siku utakapoiacha, itakuachia barua zako. Outlook ya kawaida ikihifadhi barua ndani ya kompyuta inatumia faili la aina yake, PST, ambalo kwa matoleo ya leo lina kikomo cha kawaida cha GB 50, na kulifungua bila Outlook kunahitaji zana za kutafuta. Thunderbird inaandika folda nzima katika faili moja la mtindo wa mbox, ambalo ni maandishi matupu. Unaweza kulifungua hata kwa programu ya kuandikia noti ukasoma, na karibu kila programu ya barua ina njia ya kulipokea. Programu za barua huja na kuondoka. Outlook Express haipo, Windows Live Mail haipo, hii uliyoizoea imeondoka mbele ya macho yako. Miaka kumi ijayo nyumba ya wageni ikihitaji kujua ilikubaliana nini na wakala fulani wa utalii, isiwe jibu limefungwa ndani ya kitu ambacho hakuna mtu tena anayekitengeneza.

Thunderbird yenyewe si ya jana. Toleo la kwanza Mozilla, wale wa brauza ya Firefox, walilitoa Disemba 2004, na tangu 2020 inasimamiwa na kampuni ndogo chini ya Mozilla iitwayo MZLA Technologies, inayoendeshwa zaidi kwa michango ya watumiaji. Sura yake ilikuwa imechakaa mpaka Julai 2023 walipotoa toleo la 115 wakaipamba upya. Udhaifu inao. Mipangilio ni mingi mno na mengine imejificha. Ukiiweka mara ya kwanza kwenye mashine ya zamani itakuwa nzito siku moja mbili inapojenga faharasa ya kutafutia, iache imalize. Jengine ni la hatari zaidi: kwa kuwa folda nzima ni faili moja, baadhi ya programu za kuzuia virusi zikiona barua moja chafu huliteka faili lote, ukaamka ukakuta sanduku la barua tupu. Mwambie anayekuwekea aiamuru programu ya virusi isiguse folda ya Thunderbird. Windows ina ulinzi wake na utakagua kiambatisho pale utakapokifungua.

Umesikia pengine na nyengine. eM Client ni nzuri na ina sura safi, ila toleo lake la bure ni la matumizi binafsi na mwisho akaunti mbili, kwa hiyo barua ya kazini itakutaka ulipie. Mwenye Mac anayo Apple Mail tayari na wengi inawatosha. Mwenye Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, atazame Evolution.

Sasa tuje kwenye kazi na nyumbani, maana hapa naona watu wengi wanajipanga vibaya. Kawaida ya watu ni kuweka akaunti zote mbili kwenye dirisha moja. Inawezekana, na Thunderbird inakuruhusu hata kuzichanganya zote katika sanduku moja la pamoja. Mimi kwako sishauri. Nashauri profaili mbili: yaani Thunderbird moja, lakini yenye vyumba viwili visivyoonana, kila kimoja na barua zake, orodha yake ya watu na manenosiri yake. Unatengeneza ikoni mbili kwenye uso wa kompyuta. Katika sifa za ikoni ya kwanza, mwisho wa mstari unaotaja programu, unaongeza -P kazi, na ya pili -P nyumbani, kwa majina ya profaili ulizozitengeneza. Kijana wa kaka yako ataifanya kwa dakika chache.

Faida ya kwanza ni kuepuka aibu. Ukiwa na akaunti mbili kwenye dirisha moja, ukianza kuandika herufi mbili za jina la mgeni programu inakukamilishia, na huenda ikakukamilishia anuani ya mwalimu wako wa chuo. Au unamjibu mgeni saa nne usiku kupitia Gmail yako, na tangu siku hiyo mgeni yule anakuandikia huko. Ukiwa likizo, hakuna wa kazini anayeiona barua ya bukingi. Faida ya pili ni ya haki. Laptopu ni yako, lakini barua za kazini ni mali ya biashara. Siku ukiondoka, iwe kwa heri au kwa jengine, utaikabidhi profaili ya kazi nzima kwenye diski na kuifuta kwako, bila mtu kuhitaji kupekua mambo ya nyumbani kwako kutafuta mkataba. Kama siku moja utaona profaili mbili zinakuchosha, basi angalau kila akaunti ipe rangi yake, maana matoleo ya karibuni yanaruhusu, na uangalie rangi ya mstari wa mtumaji kabla ya kubofya kutuma.

Na weka nenosiri kuu la Thunderbird katika kila profaili. Bila hilo, mtu yeyote atakayekaa mbele ya laptopu yako anaweza kwenda kwenye mipangilio akayasoma manenosiri yako yote yakiwa wazi. Lakini usilitegemee kupita kiasi: linalinda manenosiri, halizifichi barua ambazo zimekwisha teremshwa. Kwa zile, ulinzi wako ni nenosiri la kuingilia Windows na, kama toleo lako linaruhusu, kufunga diski nzima kwa usimbaji. Mahala ambapo wageni, wapishi na madereva wanapita karibu na meza ya mapokezi, hayo si mapambo.

Bando. Hili nalo lina mtego wake, nao unauma siku ya kwanza. Thunderbird kwa kawaida yake inateremsha barua zote za folda zote ili uweze kuzisoma bila intaneti. Gmail ya bure inaruhusu GB 15 zinazogawanywa na picha na mafaili yako mengine. Kama umejaza nusu tu kwa barua, bando lako litaisha kabla hujamaliza kunywa chai. Kwa hiyo, mara tu baada ya kuunganisha akaunti, kabla ya mengine, kata intaneti, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, na uiamuru iteremshe barua za siku 90 za karibuni tu, na isiteremshe yenyewe barua inayozidi ukubwa utakaoutaja. Halafu rudisha intaneti. Kwa Gmail kuna folda moja inayokusanya barua zote. Ndani yake kila barua iliyomo kwenye folda nyengine inajirudia. Iondoe katika folda unazofuatilia. Siku ukiwa mjini kwa ndugu mwenye intaneti ya waya, ongeza muda, uteremshe miaka yote mitano kwa mara moja.

Jambo la kukufurahisha ni kwamba Thunderbird haifungui picha zinazovutwa kutoka kwenye mtandao ndani ya barua mpaka uiruhusu. Inakuokolea bando, na pia inamzuia mtuma matangazo asijue kwamba umeifungua barua yake. Na kwa barua unazotuma wewe, kumbuka Gmail inakubali hadi MB 25 kwa barua moja, na kiambatisho kikisafiri kinaongezeka kwa kiasi cha theluthi moja kwa namna kinavyogeuzwa kuwa maandishi. Picha za vyumba za MB 20 njiani zinakuwa kama 27, na huenda zikarudishwa. Zipunguze kwanza.

Kwa umeme, sina haja ya kukuhadithia wewe. Unguja tunategemea waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na kila aliyekuwapo hapa kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 anajua maana ya waya huo kuharibika. Hapo ndipo programu ya kwenye kompyuta inapoizidi brauza. Mtandao ukienda na umeme, barua zilizokwisha teremshwa unazisoma, unamjibu mgeni kwa utulivu, unabofya kutuma, na barua inakaa kwenye sanduku la kutoka mpaka intaneti irudi. Mwenye kutegemea brauza hana hata namba ya simu ya mgeni anayefika na ndege ya alasiri.

Lakini umeme una ubaya wake pia. Laptopu ya zamani mara nyingi betri imekufa na inaishi kwa waya. Ikizimika ghafla wakati Thunderbird inaandika, faharasa ya folda inaweza kuharibika: utaona barua zimechanganyika, au ukifungua moja inakuja nyengine. Usitaharuki. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na utakuta kitufe cha kuirekebisha. Kinajenga faharasa upya, barua zenyewe ziko salama kwenye seva. Ila kwa folda ya IMAP huenda kikateremsha barua zote tena, kwa hiyo usikibonyeze ukiwa na bando la mwisho wa mwezi. Betri mpya ni bora kuliko kurekebisha kila wiki.

IMAP nayo ina mtego ambao lazima uujue. Kwa kuwa laptopu na seva zinafuatana, ukifuta barua kwenye laptopu ili kupata nafasi, umeifuta kila pahala. Nimeona watu wakisafisha folda nzima wakidhani wanapunguza uzito wa kompyuta tu. Ukitaka nafasi kwenye laptopu, punguza siku za usawazishaji, usifute. Na ukitaka nafasi kwenye seva, jambo ambalo litakuja, kwa sababu kampuni za kuhifadhi tovuti kwa bei nafuu hutoa nafasi ndogo na sanduku likijaa barua za wageni zinarudishwa bila wewe kujua, basi hamisha miaka ya zamani kwenye folda za ndani za Thunderbird. Hapo barua zinatoka kwenye seva na kukaa kwenye laptopu yako peke yake. Kwa hiyo usihamishe hata moja kabla ya kuwa na diski ya nje.

Nakala ni rahisi. Funga Thunderbird kabisa, fungua folda yake ya profaili, nakili yote kwenye diski ya nje. Ipo amri ya kutoa nakala ndani ya programu, lakini profaili ikizidi GB 2 inakataa, na yako itazidi. Fanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kuondoka, na diski usiiache kwenye mkoba mmoja na laptopu. Baada ya nakala ya kwanza, jaribu kuifungua kwenye kompyuta nyengine uone kama barua zinaonekana.

Wakati wa kuunganisha, Thunderbird itakuuliza jina, anuani na nenosiri, na mara nyingi itatafuta mengine yenyewe. Ikikupa kuchagua kati ya IMAP na POP3, chagua IMAP. Ikishindwa kwa barua ya kazini, waombe wanaokuhifadhieni jina la seva. Namba ya mlango (port) wa kupokelea barua kwa usalama ni 993, wa kupelekea ni 465 au 587. Gmail itakufungulia kidirisha cha Google chenyewe uingie humo. Nenosiri la kawaida kuliandika ndani ya programu Google walilikataza kwa akaunti za kawaida tangu Mei 2022, kwa hiyo fundi akikwambia amekwama hapo, mwambie achague njia ya OAuth2, ndiyo hiyo ya kuingia kupitia kidirisha cha Google.

Na hakikisha kila akaunti inatuma kupitia seva yake. Hii ni sababu moja kubwa ya barua za nyumba za wageni kuishia kwenye folda ya taka kwa wageni: anuani ni ya biashara, lakini barua imetoka kupitia seva ya Gmail ya mtu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na barua isiyothibitishwa na jina la biashara inatiliwa shaka. Waulize wanaokuhifadhieni kama wameweka rekodi za SPF na DKIM, ambazo ndizo zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Wakikujibu kwa kusitasita, jibu umelipata.

Hapa sina budi niseme la wizi, kwa sababu linaumiza biashara ndogo kuliko virusi. Mwizi anaiba nenosiri la barua ya kazini kupitia ukurasa wa uongo wa kuingilia. Habadilishi kitu. Anasoma kimya kimya, anasubiri mgeni anayekaribia kulipa, kisha anamwandikia kwa jina lenu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Programu yoyote utakayochagua haitalizuia hilo peke yake. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Gmail, na kwenye barua ya kazini kama wanaruhusu. Kila mwezi ingia kwa brauza, angalia sehemu ya kupeleka barua mbele na sehemu ya vichujio. Ukikuta anuani usiyoijua inapokea nakala za barua zenu, mtu yumo ndani. Unapoisoma barua yenyewe, usiishie kwenye jina. Tazama anuani kamili, na anuani ambayo jibu lako litakwenda, kwani zinaweza kuwa mbili tofauti. Wageni waandikieni mapema kwamba akaunti ya benki haitabadilishwa kwa barua pepe.

Windows 10 yako Microsoft waliacha kuipa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Thunderbird inafanya kazi humo bado. Ila kompyuta inayobeba pasipoti za watu isikae hivyo muda mrefu: kama mashine inakubali Windows 11, ipandishe baada ya kupata nakala ya barua, kama haikubali, muulize fundi kuhusu Linux, ambako profaili zako za Thunderbird utazihamisha zilivyo.

Simu hukuniuliza, lakini najua barua ya kazini unaisoma huko pia. Tangu Oktoba 2024 ipo Thunderbird ya Android, iliyokua kutoka kwenye programu ya barua ya zamani iitwayo K-9 Mail, na unaweza kuhamisha mipangilio ya akaunti kutoka kwenye laptopu kwa kuipiga picha alama ya mraba inayotokea kwenye skrini. Kama umeizoea programu nyengine kwenye simu, baki nayo, mradi nayo iko kwenye IMAP. Ikiwa kwenye POP itachukua barua za wageni, na laptopu ikifika kwenye seva haitakuta kitu.